Kombe la Furaha la Mabanzini

Jina la nchi yetu sitalitaja. Ipo sheria inayokataza kulitaja bila kutabasamu, na wewe unayesoma huwezi kuuona uso wangu ukanitolea ushahidi. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya kawaida kabisa. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja nzuri inayotoka uwanja wa ndege hadi Ikulu, na mimi ni mtumishi wake mwaminifu. Naitwa Sudi Mkolani, Karani wa Upimaji Daraja la Tatu, Wizara ya Furaha, Utajiri na Maadili.

Zamani hizo zilikuwa wizara tatu. Serikali ikaziunganisha ili kubana matumizi, kisha ikaijengea kila moja jengo lake jipya ili zisigombanie vyumba. Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Tiberio Mpembe, alitueleza siku ya uzinduzi kwamba furaha, utajiri na maadili ni mafiga matatu ya taifa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikatuwaka. Mtu mmoja aliyekaa nyuma akauliza chunguni kumepikwa nini, naye akasaidiwa kutoka nje kupata hewa.

Profesa Mpembe alikuwa amesoma ng'ambo, kwenye nchi ya theluji, na huko aliona kwa macho yake watu wenye kila kitu wakilia. Jambo hilo lilimnyima raha miaka saba, ndipo akaandika Sera. Mwenye furaha ukimpa mali, alisema, unamharibia furaha yake, na kumharibia mtu furaha ni dhambi. Mwenye mali asiye na furaha naye ni mgonjwa, na kumwacha mgonjwa ni dhambi pia. Kwa hiyo maadili yanaitaka serikali ipeleke huduma zake kule kwenye huzuni, na iwaache wenye furaha wafurahi kwa amani. Niliielewa Sera hiyo mara moja, jambo lililonishangaza, kwa kuwa sera nyingine zote zilinichukua muda.

Kilichobaki ni kujua nani ana furaha na nani hana. Hapo ndipo sisi makarani tulipohitajika.

*

Fomu Namba Saba ina swali moja na kisanduku kimoja. Karani anafika nyumbani kwa mtu, anapiga hodi, anauliza, "Habari za hapa?" Jibu linaandikwa kisandukuni. Kisanduku chenyewe ni kidogo, kama kucha ya kidole gumba, maana kwenye semina ya siku tatu tulifundishwa kwamba neno la kwanza hutoka moyoni na yanayofuata hutoka mdomoni. Mkufunzi alituambia kwamba jibu la kwanza ni takwimu na mengine yote ni umbea. Tulikula vizuri sana kwenye semina ile.

Nilipangiwa kata mbili. Nilianza na Kileleni, ambako nyumba zinatazama mji wote kwa chini na mageti yanajifungua yenyewe. Nilimkuta Bwana Laurenti Kijoti, mwenye vinu vya unga na mabasi, amekaa barazani na sinia la mbavu za mbuzi. Nikamuuliza habari za hapo. Akauweka mfupa chini, akajifuta vidole kimoja kimoja, akashusha pumzi.

"Mbaya, ndugu yangu," akasema. "Hali ngumu mno. Tunazisukuma siku tu."

Nikaandika: Mbaya. Nyumba zote za Kileleni zilinijibu hivyo hivyo, wengine wakiwa ndani ya bwawa la kuogelea. Mpishi wa Bwana Kijoti aliniambia mlangoni, nikiwa naondoka, kwamba kule hakuna anayethubutu kusema mambo mazuri. Yupo mmoja aliyeteleza ulimi arusini akasema biashara inakwenda vizuri, na kesho yake shangazi yake akashuka na mabegi, na nyuma ya shangazi ukoo mzima. Tangu hapo wote wanalia shida kama kinga. Niliyaona hayo kuwa maneno ya jikoni, nisiyaandike.

Kisha nikaenda Mabanzini.

Mabanzini ndiko nilikokulia. Nyumba zake zimejengwa kwa mabanzi yaliyotupwa na kiwanda cha mbao kabla hakijafungwa, na upepo wa msimu wa baridi unapita ndani bila kupiga hodi. Watu wa pale wana jambo lao moja. Hawawezi kumwangushia mgeni mabaya kabla hajakaa. Ukiwauliza habari watakujibu nzuri, watakukaribisha, watakupa maji ya kunywa, kisha ndipo watasema "ila". Baada ya hiyo ila ndipo linapokuja paa linalovuja, homa ya mtoto, baba aliyeondoka na hajulikani alipo. Maisha yetu yote ya Mabanzini yanakaa nyuma ya ila. Nalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wizarani, lakini fomu haikuuliza najua nini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Radhia, mama yangu mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nilisimama mlangoni na kitambulisho kifuani, nikamuuliza kiserikali. Alikitazama kile kitambulisho, akanijibu kama mgeni.

"Nzuri, baba. Karibu. Ila mwenzio Mwanakheri miguu imemvimba, na kichwa kinamuuma tangu juzi, na mimba ndiyo kwanza ina miezi saba."

Nikaandika: Nzuri.

Mwanakheri alikuwa mkekani anachambua mchele. Ni binti pekee wa Bi Radhia, nami namhesabu mdogo wangu wa kuzaliwa. Alinyoosha shingo akaisoma fomu, maana adabu ya kuogopa karatasi za serikali hakuwahi kuwa nayo, akaniuliza miguu yake nimeiandika wapi. Nikamwambia miguu itaandikwa zahanati. Na ni kweli iliandikwa. Zahanati ya Mabanzini ilikuwa na kitanda kimoja na muuguzi mmoja, Sista Penina, ambaye kila Jumanne alimpima Mwanakheri presha, akatikisa kichwa, akamwonya kwamba siku akiona maruweruwe asingoje kitu, akimbie kwake.

*

Matokeo yalipotangazwa, Mabanzini ilikuwa ya kwanza nchi nzima. Kila nyumba ilijibu nzuri, hata ile iliyokuwa imeungua wiki hiyo. Kileleni ilishika mkia, na redio ikaiita eneo la maafa ya moyo.

Waziri alikuja mwenyewe kutukabidhi kombe. Lilikuwa kubwa, la rangi ya dhahabu, lina mfuniko wenye sura inayocheka. Aliwaambia watu wa Mabanzini kwamba wamehitimu, kwamba mataifa yenye maghorofa yatakuja kujifunza kwao, na kwamba serikali haitarudia tena kosa la kuwachafulia furaha yao kwa misaada. Bendi ikapiga. Watu wakacheza, kwa sababu bendi haiji Mabanzini kila siku, na mimi pia nilicheza.

Alasiri ile ile likaja lori. Lilichukua kitanda cha zahanati, mizani ya watoto, kipimo cha presha, friji ya chanjo, na Sista Penina akiwa na mkoba wake magotini. Alikuwa amebishana nao nusu saa, wakamwonyesha barua ya uhamisho. Vyote vilipelekwa Kileleni kufungua Kituo cha Faraja. Kwenye chumba kilichobaki kitupu waliweka stuli, juu ya stuli kombe, na mlangoni wakaweka mlinzi wa kulilinda kombe.

Bi Radhia alikuja kwangu kesho yake. Hakunilaumu. Ningependa kusema kwamba alinilaumu, ingekuwa nafuu kwangu. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, Jumanne Mwanakheri apimwe wapi.

Nikaenda kwa Mkurugenzi wetu, Bi Eufrasia. Ni mama mpole, mezani ana maua ya plastiki anayoyamwagilia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilipoingia akainua kichwa akaniuliza habari za kazi.

"Nzuri," nikajibu, "ila..."

Akainua mkono, akasema amefurahi kusikia hivyo, na kama ni nzuri basi hakuna haja ya kukaa. Nilibaki nimesimama na ila yangu kinywani. Hata hivyo alinionea huruma, akanifafanulia sheria wakati anasaini makaratasi mengine. Kata yenye kombe haiwezi kulalamika, kwa kuwa haina fomu ya kulalamikia. Lakini Waziri atafanya ziara ya uhakiki Ijumaa ya tatu ijayo, ataisalimu nyumba iliyoandikwa kwanza kwenye daftari, na jibu la nyumba hiyo litakuwa jibu la kata. Likiwa baya, kombe linachukuliwa na zahanati inarudishwa siku hiyo hiyo.

Nyumba ya kwanza kwenye daftari ilikuwa ya Bi Radhia. Kilichotakiwa ni neno moja tu.

*

Tulifanya mazoezi uani kwa Bi Radhia kila siku baada ya sala ya alasiri. Mimi ndiye niliyekuwa Waziri, nikiwa na taulo begani badala ya utepe wa heshima. Majirani walijipanga, nami nikapita kuwauliza habari mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Mzee Shomari Ndwata, aliyepasua mbao kiwandani miaka thelathini na ana sauti ya msumeno. Nilipomsalimu alikaza shingo, akafumba macho, akasema, "Nzuri." Kisha akanigeukia mimi kwa hasira. Mgeni hata maji hajanywa, alisema, yeye ammwagie mabaya usoni? Hakulelewa hivyo, na kama serikali inataka atukane wageni ilete fomu nyingine. Mama mmoja muuza vitumbua aliweza kulisema lile neno, lakini kwa sauti ya chini mno, na papo hapo akaomba radhi akasema nzuri. Bi Radhia alijaribu mara sita. Kila mara nilipouliza, midomo yake ilijikusanya vizuri kwa ajili ya neno baya, kisha likatoka lile zuri. Mara ya sita macho yalimjaa machozi, akasema anajiona kama anamsukuma mtu mlangoni kwake.

Mwanakheri alikuwa amekaa pembeni, miguu juu ya kigoda. Ilikuwa imevimba hadi viatu havimwingii. Alikuwa akitucheka sana huku ameshika tumbo.

"Niulize mimi," akasema.

Nikarekebisha taulo begani nikamuuliza habari za hapo.

"Mbaya. Naumwa. Zahanati mmeichukua, irudisheni."

Alilisema akinitazama usoni, bila kupepesa, kama mtu anayetaja jina lake. Mzee Shomari akaguna kwamba vijana wa siku hizi wamelelewa ovyo, kisha akasema vyema, na awe yeye. Wote tukakubaliana. Waziri akifika, Bi Radhia atakaa ndani na Mwanakheri ataletwa mlangoni na kiti chake. Siku ile nilirudi kwangu nikiwa na furaha. Karani mwenzangu angenipima jioni ile, angeandika nzuri na ingekuwa kweli.

*

Ijumaa ya tatu Waziri hakuja. Alikuwa Kileleni, ambako huzuni ya Bwana Kijoti ilikuwa imezidi baada ya kusikia kwamba jirani yake amepimwa presha kabla yake. Ziara ya Mabanzini ikasogezwa hadi Alhamisi iliyofuata.

Jumatano asubuhi Mwanakheri aliamka akasema anaona vimulimuli machoni. Kabla chai haijachemka akaanguka, mwili ukakakamaa, ukaanza kutetemeka. Kifafa cha mimba kila mwanamke Mabanzini anakijua kwa jina. Walimpakia kwenye bajaji, kichwa mapajani pa Bi Radhia, Mzee Shomari mbele na dereva, wakaelekea Kileleni kwa Sista Penina. Mimi sikuwepo. Nilikuwa ofisini napigia mistari fomu mpya. Yaliyotokea nilisimuliwa na Mzee Shomari, naye mpaka leo akiyasimulia huwa hainui uso.

Kituo cha Faraja kina geti, na getini yupo mlinzi mwenye daftari, kwa sababu kituo ni cha wenye huzuni peke yao. Mlinzi yule alihudhuria semina ile ile niliyohudhuria mimi. Alitoka kwa adabu, akaishika kalamu, akawauliza habari zao.

Mzee Shomari alimjibu. Anasema hajui hata ulimi ulikuwa wapi. Alisema, "Nzuri, ila tuna mgonjwa."

Mlinzi aliandika, akawaambia kwa masikitiko ya kweli kwamba wenye nzuri hawapitii geti hilo. Walipouliza wapitie lipi, akasema hakuna jingine. Bi Radhia alipiga magoti barabarani. Mlinzi naye alikuwa na mama yake, hakuwa mtu mbaya; alikwenda akawaletea maji ya kunywa, akawaeleza kwamba angewasaidia kama si ile kalamu ya wino, isiyofutika. Wakabaki wanambembeleza. Mtu mmoja tu ndani ya bajaji ile alijua namna ya kulijibu swali, naye alikuwa hasemi tena.

Sista Penina alisikia kilio akatoka mbio na glavu mkononi. Alikuwa anampima Bwana Kijoti, ambaye presha yake ni nzuri tangu azaliwe. Mtoto alizaliwa ndani ya bajaji, nje ya geti, wa kike, mdogo kama mkate. Mwanakheri alikata roho kabla mtoto hajafunikwa. Baadaye geti lilifunguka. Sista Penina alilifungua mwenyewe kwa teke ili mtoto aingizwe, na kwa kosa hilo ameandikiwa barua.

Tulimzika alasiri ile.

*

Alhamisi msafara ulifika kwa wakati, jambo ambalo si la kawaida. Nilikuwa kwenye gari la tatu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya msiba nikajibiwa kwamba ruhusa hizo ni kwa watumishi wanaotoka kata zenye huzuni. Ndani ya gari nilimwambia msaidizi wa Waziri kwamba nyumba tunayokwenda ni ya matanga. Akanitazama, akapekua karatasi za ratiba mbele na nyuma, akaniambia hakuna kipengele hicho, na salamu yenyewe ni ya sekunde arobaini.

Watu walikuwa wengi, mikeka imetandazwa hadi barabarani. Waziri alifurahi sana kuona wananchi wamejitokeza kwa wingi hivyo siku ya kazi. Wanaume walisimama kumpisha. Wanawake walikatisha uradi. Kombe lilitolewa zahanati likiwa limesuguliwa, mlinzi wake akilibeba kwa mikono miwili. Nami nilitembea nyuma ya Waziri na Fomu Namba Saba kwenye ubao, kalamu wazi.

Bi Radhia alikuwa amekaa mkekani, kanga nyeusi kichwani, mtoto mchanga kifuani. Waziri aliinama kidogo, kadiri kamera zilivyotaka.

"Habari za hapa, mama?"

Sijawahi kumwomba Mungu kwa nguvu kama nilivyomwomba pale. Mabanzini nzima ilikuwa inautazama mdomo wa mwanamke mmoja. Nilimwona Mzee Shomari kwenye kona ya nyumba, midomo inamchezacheza, anamtamkia lile neno bila sauti, anarudia na kurudia. Kama kuna siku neno lile lilikuwa halali ya mtu, ni siku ile.

Bi Radhia aliinua macho. Akaona mgeni, amesimama juani, kwa mara ya kwanza nyumbani kwake. Akajisogeza akamwachia nafasi mkekani.

"Nzuri, baba. Karibu," akasema. "Ila..."

Makofi yakalipuka. Walianza wasaidizi, wakafuata wapiga picha, kisha walinzi. Waziri alinyooka, akalishika kombe, akawaambia waandishi wa habari kwamba hapa ndipo Sera inapothibitishwa, mbele ya umati wote huu, bila mtu kulalamika. Mtoto akaamka akaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Waziri aliuliza kama na hilo linaandikwa. Msaidizi akamjibu kwamba watoto hawapimwi mpaka wajue kusalimiana. Wakaingia kwenye magari, vumbi likatufunika, na sekunde zilikuwa thelathini na nane.

Mimi nilibaki. Sijui kwa nini sikulikimbilia gari langu. Bi Radhia alikuwa bado anapatazama pale aliposimama Waziri, na mkononi alikuwa na glasi ya maji ambayo mtu alikuwa amemletea mgeni.

"Sudi," akaniambia, "mgeni mbona kaondoka? Nilikuwa sijamaliza."

Nilikaa kwenye ile nafasi aliyomwachia Waziri, nikampokea glasi, nikamwambia amalizie. Akaanza pale pale kwenye ila. Alisema mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba, na mimi nikasikiliza yote, ubao wa fomu magotini. Sikuandika hata neno moja, kwa kuwa kisanduku kilikuwa kimeshajaa.